Mshale Uliogoma Kwenye 26

Saa tano usiku simu ikalia. Jamaa yangu wa Kigoma kanitumia picha ya geji, mshale umelala kwenye 27 na ushei. Chini yake kaandika: "Kaka, pampu yako imechoka. Cheki ya kwangu."

Nikatoka kitandani, nikaenda bandani, nikawasha pampu ya kuvuta hewa. Chemba, yaani chombo kinachofungwa na kunyonywa hewa, haikuwa na kazi ndani, kifuniko kisafi, gasketi ina grisi yake. Mshale ukakimbia hadi 20, ukaanza kujivuta, 24, 25, ukaigusa 26 kwa shida, ukagoma.

Nikausubiri. Haukusogea.

Pampu hizi tulizinunua pamoja Kariakoo, duka moja, siku moja. Geji nazo ni za aina moja, zile za Kichina zenye namba za inchi za zebaki kwa nje na megapaskali kwa ndani. Yeye Kigoma anafunika kwa resini bodi za taa za sola za wavuvi wa dagaa, zisiingie maji. Mimi hapa Tabora namwaga resini hiyo, kimiminika kinachoganda kikawa kigumu, kwenye meza za mninga na vitu vidogo vidogo vya zawadi. Kabla ya kuimwaga tunaiweka kwenye chemba ili mapovu ya hewa yatoke. Karatasi ya maelekezo ya epoksi, ndiyo resini yetu, tunayo wote wawili, na inasema chemba ifikishwe inchi 29 ndipo uanze kuhesabu dakika.

Yeye 29 haioni. Mimi hata hiyo 27 yake siioni.

Wiki kadhaa jambo hili likanikaa kooni.

## Kutafuta mchawi

Kitu kikigoma, mtu wa kwanza kulaumiwa ni pampu. Wa pili ni gasketi. Wa tatu ni aliyekuuzia.

Nilianza na uvujaji. Nikavuta hewa hadi mshale uliposimama, nikafunga valvu, nikazima pampu, nikaenda kulala. Asubuhi mshale ulikuwa palepale. Chemba inayovuja haiwezi kukaa hivyo. Hata tundu ambalo huwezi kuliona kwa jicho lingeurudisha mshale nyuma kabla jogoo hajawika. Nikabadilisha oili ya pampu. Nikapindua gasketi. Mshale ukarudi 26, wala haukuonyesha dalili ya kujali juhudi zangu.

Nikamwita mzee mmoja fundi friji, ambaye pampu hizi ndizo kazi yake ya kila siku. Hakuangalia geji kabisa. Aliweka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa, akainamisha sikio. Mwanzoni pampu ilikuwa inakoroma, inatema ukungu wa oili. Baada ya dakika chache mkoromo ukaisha, ikabaki sauti kavu ya vyuma vinavyozunguka.

"Nzima hii, mwanangu. Imemaliza."

"Imemaliza nini, mzee, na bado inchi tatu?"

"Hewa. Haitoi kitu tena. Weka mkono."

Nikaweka. Kweli, hakuna kilichokuwa kinatoka.

Akachukua hela yake ya soda akaondoka. Mimi nikabaki na mashine mbili zinazopingana: pampu inasema hewa imeisha, geji inasema bado.

## Maji ya mtungini

Kuna kipimo kimoja ambacho hakihitaji geji. Maji.

Maji hayachemki kwa sababu ya moto tu. Yanachemka pale presha iliyoyakalia inaposhuka hadi kiwango fulani, na kiwango hicho kinafuata joto la maji yenyewe. Maji ya nyuzi 100 yanachemka chini ya hewa ya pwani, kilopaskali 101. Maji ya nyuzi 25, ambayo ndiyo maji ya kawaida ya mtungini hapa kwetu, yanachemka presha ikishuka hadi kilopaskali 3 na pointi 2. Hilo halibadiliki, uwe Tabora, uwe Kigoma, uwe Oysterbay.

Nikatia maji kidogo kwenye glasi, nikaiweka katikati ya chemba, nikafunika, nikawasha.

Kwenye 15 vikaanza kujitokeza vipovu vidogo ukutani mwa glasi. Hiyo ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji. Kwenye 20 vikaongezeka. Kisha kukatulia kidogo. Halafu mshale ulipofika 25 maji yakaruka. Sisemi yalitokota, yalirukaruka, yakarusha matone hadi chini ya kifuniko, mapovu makubwa yakitokea kitakoni mwa glasi. Niliporudisha hewa nikatia kidole: maji yalikuwa ya baridi kuliko nilivyoyaweka, kwa sababu mvuke ukitoka unaondoka na joto.

(Ukijaribu, weka maji kidogo, na ukimaliza angalia oili. Mvuke unaingia kwenye pampu, oili inageuka nyeupe kama maziwa. Ibadilishe.)

Kwa hiyo kwenye 25 ya geji yangu, hewa iliyobaki ndani ya chemba ilikuwa kilopaskali 3 tu. Na kutoka hapo mshale ulikuwa na nafasi ya kusogea inchi moja, basi.

Mzee alikuwa sahihi. Hewa ilikuwa imeisha kweli. Kilichobaki ni kujua hizo inchi tatu za kwenye maelekezo ziko wapi.

## Sifuri ya nani?

Nikafungua geji iliyokufa ya zamani, kuona kilichomo. Ndani kuna kibomba bapa cha shaba kilichokunjwa nusu duara. Upande wa ndani wa kibomba umeunganishwa na chemba. Upande wa nje uko wazi, unaguswa na hewa ya bandani. Presha ya ndani ikipungua, hewa ya nje inakikunja kibomba zaidi, na mkunjo huo ndio unaosukuma mshale.

Hapo ndipo nikakaa chini.

Geji haijui kabisa ndani ya chemba kumebaki hewa kiasi gani. Inachojua ni tofauti kati ya ndani na nje. Sifuri yake ni hewa ya mahali ilipo. Ukiivuta chemba hadi isibaki hewa hata punje, mshale utaonyesha uzito wote wa hewa ya nje, wala hautapita hapo, hata uunganishe pampu za mji mzima.

Swali likabaki moja: hewa ya Tabora ina uzito gani?

Nikafungua programu ya hali ya hewa kwenye simu. Tabora, leo: hektopaskali 1014, yaani kilopaskali 101 na pointi 4.

Hiyo ni hewa ya pwani! Hewa ya inchi 30 za zebaki. Kama ni kweli, geji yangu ilipaswa kufika 29 na zaidi, na habari ya maji ya mtungini haikuwa na maelezo. Namba hiyo ilinirudisha nyuma siku nyingi. Nilianza hata kushuku vipimo vya joto la maji.

Aliyenitoa shimoni ni mteja mmoja aliyekuja kuchukua meza yake. Simu yake ina kihisi cha presha ndani. Aliifungua kwenye meza yangu ya kazi, ikasoma karibu 880.

Simu mbili, banda moja, 1014 na 880.

Zote mbili hazidanganyi. Watu wa hali ya hewa wakishapima presha ya kituo wanaipandisha kwa hesabu, wapate namba ambayo ingekuwepo kama mahali pale pangekuwa usawa wa bahari. Wasipofanya hivyo, ramani zao zingeonyesha milima tu badala ya mifumo ya mvua. Kwa mtabiri wa mvua 1014 ndiyo namba ya maana. Kwa chemba yangu haina maana yoyote. Kifuniko cha chemba kinabeba hewa iliyopo, hakibebi hewa iliyohesabiwa.

Tabora iko mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Hektopaskali 880 ni kilopaskali 88, na kilopaskali 88 ni inchi 26 za zebaki.

Ishirini na sita.

Na Kigoma? Reli ikitoka Tabora inateremka, inapita Malagarasi, inapita Uvinza, hadi ziwani, na uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 hivi. Hewa ya pale ni kilopaskali 92 na kitu. Inchi 27 na ushei. Ile picha ya usiku ilikuwa inapima mteremko wa reli.

## Mlima wa Ufaransa

Jambo hili lina miaka karibu 400. Mwaka 1643 Torricelli wa Italia alionyesha kwamba hewa inaweza kubeba nguzo ya zebaki. Miaka mitano baadaye Blaise Pascal, ambaye afya yake haikumruhusu kupanda milima, alimwomba shemeji yake Florin Périer apande Puy de Dôme na mrija wa zebaki. Tarehe 19 Septemba 1648 Périer alipima mjini Clermont, akapanda karibu mita 1,000 zaidi, akapima tena. Zebaki ilikuwa imeshuka inchi 3 hivi. Mrija mwingine aliuacha chini na mtu wa kuuangalia mchana kutwa, na huo haukusogea.

Ninachokipenda hapo ni ule mrija wa chini. Bila huo, mtu angesema hewa imebadilika tu siku hiyo. Mimi na jamaa yangu tulikuwa na mirija miwili muda wote, mmoja ziwani mmoja nyanda za juu, na tulichofanya nayo ni kubishana pampu ya nani imechoka.

## Kwa hiyo 29 ni ya wapi

Ni ya pwani. Aliyeandika maelekezo alikuwa karibu na bahari, au alidhani kila mtu yuko karibu na bahari. Kwa Dar, inchi 29 kwenye geji maana yake zimebaki kilopaskali 3 ndani. Hapa Tabora kilopaskali 3 zilezile ni mshale wa 25. Kigoma ni 26 na kidogo. Mbeya, kwenye mita 1,700, mshale utaishia 24 na nusu hata chemba ikiwa tupu kabisa, na fundi wa Mbeya anayeifukuzia 29 atabadilisha pampu hadi afilisike.

Hatari kubwa iko upande wa pili, na watu wengi hawaizungumzii. Chukua resini ya poliesta, ile ya faiba, yenye harufu kali. Harufu hiyo ni staireni, na staireni kwa joto letu la nyuzi 25 hadi 30 inaanza kuchemka presha ikifika karibu kilopaskali 1. Mtu anaona mapovu hayaishi, anadhani hewa bado, anaendelea kuvuta. Hewa ilishatoka zamani. Anachokitoa sasa ni staireni yenyewe, ambayo ilitakiwa ibaki ndani ishikane na resini. Kazi ikikauka inakuwa na kasoro, na harufu yote imeingia kwenye pampu.

Fundi wa Dar akikwambia "poliesta mimi naishia 24", usimwige. Kwake 24 imebakiza kilopaskali 20 ndani. Kwako Tabora 24 hiyohiyo imebakiza chini ya 7. Mshale mmoja, hali mbili tofauti kabisa. Kwake povu la hewa linavimba mara 5, kwako mara 13.

Epoksi ni mvumilivu zaidi, na hapo ndipo nafasi ya mwisho ya mshale inapofanya kazi yote. Kwenye kilopaskali 3 povu la hewa ya Tabora linakuwa kubwa mara 29 kwa ujazo. Kwenye kilopaskali 1 ni mara 88, upana wake mara 4 na nusu hivi, na povu pana linapanda juu upesi kuliko jembamba kwa mbali sana. Kati ya hali hizo mbili mshale unasogea kama nusu inchi tu. Kwa jicho ni kitu kidogo. Kwa resini ndiyo tofauti ya kazi safi na kazi yenye vinundu.

Kwa hiyo siku hizi naangalia kikombe kuliko geji. Resini inapanda, inajaa povu, na kikombe chenyewe nakijaza robo tu, vinginevyo nitaosha chemba hadi usiku. Povu likifika mdomoni nafungua valvu kidogo, linaanguka, naendelea. Wakati fulani povu zima linaanguka lenyewe, uso unatulia, vinabaki vipovu vya hapa na pale. Nasubiri kidogo, nazima. Oktoba joto likipanda sisubiri sana, maana joto likiongezeka nyuzi 10 muda wa resini kugeuka jeli unapungua karibu nusu, na povu likigandia juu, kikombe kizima kimekwenda.

Na mapovu yanayotoka kwenye mbao za mninga zenyewe, chemba haiyahusu. Hayo dawa yake ni kupaka tabaka jembamba kwanza. Nalisema kwa sababu naulizwa kila siku.

## Pampu kubwa itapasua chemba?

Hili nalo naulizwa. Jibu ni hapana, na sababu ni ileile.

Pampu haisukumi kifuniko. Kinachosukuma ni hewa ya nje, na hewa ya nje ina kiwango chake. Pampu kubwa inakufikisha pale upesi zaidi, basi. Kutoka kilopaskali 10 zilizobaki hadi 1 iliyobaki, resini inaona mabadiliko makubwa mno, lakini kifuniko kinaona ongezeko la sehemu moja ya kumi tu. Chemba iliyokaa salama kwenye 23 haina mengi mapya ya kuogopa kwenye 26.

Ila hiyo haina maana kwamba mzigo ni mdogo. Kifuniko changu kina upana wa sentimita 30. Hewa ya Tabora inakikalia kwa uzito wa kilo 630 hivi, magunia sita ya mahindi na debe juu. Pespeksi, plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo ambayo ndiyo ya vifuniko hivi, ikiwa ya milimita 12 kwa upana huo inapinda unaiona, na wapo wanaoitumia. Chupa za kioo za asali ndiyo kabisa, sitaki hata kuwa chumba kimoja nazo.

Na sufuria iliyotengenezwa kuhimili presha ya ndani haijaapa kuhimili ya nje. Presha ya ndani inaunyoosha ukuta, ya nje inautafutia mahali pa kukunjika. Otto von Guericke, meya wa Magdeburg aliyepata sifa kwa farasi walioshindwa kutenganisha nusu mbili za tufe, kabla ya sifa hizo aliwahi kuliona tufe lake la shaba likibonyea kwa kishindo wakati linavutwa hewa, kwa sababu halikuwa la mviringo sawasawa. Mbonyeo mdogo kwenye sufuria ya mitumba ni mwaliko.

Adui mwingine wa pespeksi ni asetoni na thina. Ukifutia kifuniko, kinang'aa vizuri sana siku hiyo. Baadaye, kikishabebeshwa mzigo mara kwa mara, vinajitokeza vijufa vyembamba vinavyometa ukikielekeza kwenye jua. Kikifika hapo hakirudi kwenye chemba. Mimi nafuta kwa maji na sabuni, na resini iliyogandia naiacha ikauke niibandue.

## Kifuniko kinachosafiri

Baada ya kumtumia jamaa wa Kigoma hesabu zote, alikaa kimya kidogo, kisha akaja na hoja: kama hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar, kwa nini tusitumie pespeksi nyembamba, tuokoe hela?

Hoja ina miguu. Tabora tunabeba pungufu ya pwani kwa asilimia 13 hivi. Lakini chemba haikai mahali ilipotengenezwa.

Ninaye mteja wa Tanga anayetaka nimtengenezee chemba sawa na yangu, kipimo kwa kipimo, kwa sababu aliiona inafanya kazi alipopita huku. Yangu ina kifuniko cha milimita 20 na haijawahi kulia. Tanga kifuniko hichohicho kitabeba kilo 730, yaani gunia zima zaidi, na kitazibeba kila siku. Kwa milimita 25 nguvu inayoivuta pespeksi inashuka kwa zaidi ya theluthi moja, kwa hiyo nikamwandikia bei ya milimita 25.

Akapiga simu. "Fundi, ya kwako si ishirini?"

"Ya kwangu iko Tabora, kaka."

"Sasa hewa ya Tanga na Tabora ina tofauti gani jamani? Unanipandishia bei kwa hesabu za shule."

Nikamwambia ndiyo, na bei ni hiyohiyo. Nikamwambia pia kwamba geji yake itafika 29 na zaidi, asije akadhani ni pampu yangu iliyo bora.